Mwembe au mparachichi: Upi utakufaa Loresho?

Huenda jambo hili limewahi kutokea nyumbani kwako. Mlikwenda Malindi au Kilifi kwa likizo ya Desemba, mkarudi Nairobi na kikapu cha maembe ya ngowe. Mtoto akala embe, akaiosha kokwa na kuipanda nyuma ya jikoni. Ikaota. Leo mti umepita ukuta, una majani mazito na kivuli kizuri, lakini swali la mtoto ni lile lile kila mwaka: "Baba, mwembe wetu utazaa lini?"

Ikiwa unaishi Loresho, au mitaa jirani kama Kangemi, Kitisuru na Kabete, jibu la kweli ni kwamba huenda mkangoja sana. Mtoto hakukosea kupanda, wala wewe hukuunyima mti maji. Lililokosewa ni mahali. Mti wa matunda ni kama mgeni: kabla ya kumkaribisha, uliza kwao hula nini na hulala vipi.

Mwembe wataka joto

Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini, kwenye joto jingi na majira ya ukame yanayojulikana. Ukame huo una kazi yake. Mti huacha kutoa majani mapya, hujikusanyia nguvu, kisha huchanua. Baada ya hapo hutaka jua kali la kukuza matunda. Ndiyo sababu hapa Kenya miembe hustawi Pwani, Makueni, Kitui na Mbeere, na kwa jumla katika sehemu zilizo chini ya mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari.

Sasa itazame Loresho. Iko zaidi ya mita 1,700. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda siku nzima, na usiku baridi huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mwembe ukijaribu kuchanua katika hali hiyo, maua hupatwa na ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaoyafunika kama yaliyonyunyiziwa unga mweupe. Unyevu nao huleta chule, ambayo huyafanya meusi hadi yadondoke. Hatusemi kwamba hakuna mwembe uliowahi kuzaa Nairobi. Twasema kwamba asiye na nafasi ila ya mti mmoja asiuweke kwenye bahati nasibu.

Mparachichi yuko kwao

Mparachichi, au mti wa avokado kama wengi wetu tunavyouita, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na aina nyingi zinazopandwa hapa zina damu ya milimani. Murang'a, Kiambu na Kisii ni mashahidi. Baridi ya Julai mjini Nairobi haiusumbui. Udongo mwekundu wa Loresho, ule ule uliostawisha kahawa katika eneo la Kabete, una kina na hupitisha maji vizuri.

Hata hivyo mti huu una adui mkubwa: maji yanayotuama. Mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi, na maji yakikaa hapo siku nyingi, kuvu huiozesha na mti hukauka kuanzia juu. Mwembe una mzizi mrefu unaozama chini, kwa hivyo ukishakomaa huvumilia kiangazi. Mparachichi hauvumilii hivyo. Usiupande mahali ambapo maji ya paa humwagika, na wakati wa kiangazi usiusahau.

Aina na maua

Usipande kokwa ya parachichi ulilokula. Mti wake huweza kuchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa, na matunda yake hayatafanana na la mama yake. Nunua mche uliopandikizwa kutoka kitalu kilichosajiliwa. Huo huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Aina mbili zinazojulikana sana ni Hass, ambayo ganda lake hugeuka jeusi linapoiva, na Fuerte, ambayo hubaki kijani.

Ua la mparachichi lina ajabu yake. Hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza huwa la kike, na siku ya pili huwa la kiume. Ua la Hass huwa la kike asubuhi. La Fuerte huwa la kike alasiri. Kwa hivyo miti ya aina hizi mbili ikiwa karibu, nyuki hubeba chavua kutoka mmoja hadi mwingine, na mazao huongezeka. Huna haja ya kupanda yote miwili. Ukiona jirani ana Fuerte, panda Hass. Pia usipulize dawa ya wadudu wakati wa maua, usije ukawaua nyuki hao.

Namna ya kupanda

Chimba shimo la futi 2 kila upande mwanzoni mwa mvua za masika, Machi au Aprili, au zile za vuli mwezi wa Oktoba. Changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza vizuri. Panda mche ili kiungo cha upandikizaji kibaki juu ya udongo. Tandaza nyasi kavu kuuzunguka, lakini zisiguse shina. Uweke mita 5 au 6 kutoka nyumbani na kwenye tangi la maji machafu, na uukate kilele mapema, usije ukahitaji ngazi ndefu.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Chuma moja pamoja na kikonyo chake, uliweke mezani. Likilainika baada ya wiki moja hivi bila kunyauka, mengine yamekomaa. Likisinyaa, subiri.

Kama bado una shaka kuhusu udongo wako, huna haja ya kwenda mbali. Makao makuu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, yako papo hapo Loresho, kwenye Barabara ya Kaptagat.

Na mwembe wa mtoto? Usiukate ikiwa una nafasi. Kivuli chake nacho ni riziki. Lakini mwambie ukweli, kisha mpande mparachichi pamoja. Kokwa ya ngowe ya Desemba ijayo, aipeleke kwa nyanya yake Makueni au Kilifi, aipande huko. Atakuwa na miti miwili, kila mmoja mahali pake.