Mume Akiona Wizi Ofisini

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuzungumzie jambo linaloanzia ofisini na kuishia chumbani kwetu. Mume ni mtumishi wa serikali. Analetewa hati ya malipo aitie sahihi, naye anajua mzigo haukupokelewa. Usiku hapati usingizi. Anakuuliza, "Mama watoto, nifanyeje?"

Wengi wetu hujibu haraka, "Nyamaza, baba, tuna watoto wa kusomesha." Hofu hiyo tunaielewa. Lakini sisi wauguzi tunajua anayeumia ni nani. Dawa ikiwa imeandikwa kwenye leja na stoo haimo, kuna mama atakayerudi nyumbani na mtoto mwenye homa na cheti mkononi, bila dawa.

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inagusa pia ubadhirifu na nyaraka za uongo. Kifungu cha 39 kinamtaka kila mtu anayejua kosa limetendeka, au linapangwa, aiarifu TAKUKURU. Ni kila mtu, si mkuu wa idara peke yake. Mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, ili anayesema kwa nia njema asiadhibiwe na jina lake lihifadhiwe.

Hatusemi ni rahisi. Huko Kenya, David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu. Aliona mabilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu ambayo nchi haikuwa nayo, akatoa nyaraka. Mwaka 1993 alikamatwa, kisha akapoteza kazi. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Mwaka huo ndipo Kenya ilipopitisha sheria ya kulinda mashahidi. Kwa hiyo mume wako anahitaji ujasiri, lakini anahitaji na busara.

Mke afanye nini?

1. Msikilize mpaka amalize. Usimlaumu wala usimtishe.

2. Mshauri asitie sahihi. Akitia huku akijua, naye ameingia katika kosa.

3. Aandike tarehe, kiasi, namba ya hati na aliyoyaona kwa macho yake. Ya kusikia ayaache.

4. Apeleke taarifa kwa mkuu asiyehusika, kwa mkaguzi wa ndani, au TAKUKURU kwa simu namba 113, isiyolipiwa.

5. Funga mdomo. Habari hii usiipeleke kwa jirani wala kwenye kikundi cha akina mama, hata kwa jina la kuombewa. Siri ikivuja, mumeo ndiye atakayeumia.

6. Panga matumizi kwa mshahara uliopo. Mume anayedaiwa kila mwezi vitu asivyoviweza hushawishika upesi.

Dada msomaji, huenda mtumishi huyo ni wewe mwenyewe. Basi zungumza na mumeo mapema, kabla hati haijafika mezani, mkubaliane jibu lenu litakuwa nini.