Fahamu: Filamu ya kutisha ya Lupita na ubishi wa ipi kali zaidi

Ni filamu gani?
"A Quiet Place: Day One" (2024) ni ya tatu katika mfululizo ulioanza 2018, ila inarudi siku ile viumbe wanaowinda kwa kusikia sauti walipovamia dunia. Lupita Nyong'o ni Samira, mgonjwa wa saratani aliye New York na paka wake. (Lupita mwenyewe alikuwa akiogopa paka!)

Watazamaji wanasemaje?
Kwa kura za CinemaScore, Marekani, ya kwanza ilipata B+, ya pili A-, hii B+. Wapo waliotaka hofu zaidi, wengine imewaliza.

Uanze na ipi?
Ikiwa hujaona hata moja, anza na hii, hutapotea. Lakini kwa kimya kinachokaba koo, ya 2018 haijapata mpinzani.