Miongozo ya santuri za blues: Sikio la nani ndilo la kuaminiwa?

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ulimwengu wa santuri, hata hivyo, methali hiyo haikuthibitika kila mara. Zipo nyimbo za blues zilizonunuliwa kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1920 na 1930 ambazo leo hazikumbukwi ila na wachache. Zipo nyingine ambazo hazikupata wanunuzi wengi mwimbaji alipokuwa hai, lakini sasa zinatajwa kama hazina isiyo na mfano. Kati ya kusahauliwa na kutukuzwa huko, anasimama mtu ambaye aghalabu hatajwi: mhakiki.

Mnamo 2006, kampuni ya Penguin ya Uingereza ilichapisha kitabu kinene cha mwongozo wa rekodi za blues, kilichoandaliwa na Tony Russell na Chris Smith wakisaidiana na wenzao. Wanamuziki wamepangwa humo kwa majina yao. Chini ya kila jina zimeorodheshwa diski, na kila diski imepewa nyota kulingana na thamani yake, pamoja na maelezo mafupi ya kuitetea hukumu hiyo. Lengo ni kumfaa mnunuzi mwenye fedha za diski moja tu anapokabiliwa na rafu yenye diski 20 za mwimbaji yuleyule.

Rejista na hukumu

Ni muhimu kutofautisha kazi ya namna hiyo na rejista. Mnamo 1964, Robert Dixon na John Godrich walitoa orodha ya rekodi za blues na za injili za Wamarekani weusi, iliyoendelea kupanuliwa hadi toleo la nne la mwaka 1997. Rejista hiyo hueleza nani aliimba, nani alipiga gitaa au piano, mahali gani, tarehe ipi, na santuri ilibeba nambari gani. Haisemi wimbo upi ni mtamu wala upi ni mchapwa. Mwongozo wa uhakiki huanzia pale rejista inapokomea, nao hauwezi kusimama bila rejista kama vile hakimu asivyoweza kuamua kesi bila ushahidi.

Je, mhakiki huhukumu nini hasa? Muundo wa kawaida wa blues ni mwepesi kuueleza. Mshororo wa kwanza huimbwa, hurudiwa, kisha wa tatu huja kuujibu. Santuri ya zamani ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba takribani dakika tatu tu kila upande. Msomaji aliyezoea mashairi ya Kiswahili ataelewa upesi kuwa sharti la umbo halimzuii fundi. Malenga wawili hutunga tarbia zenye mizani sawa, na bado mmoja akawa bingwa na mwingine akawa mpanga vina. Kwa hiyo sikio la mhakiki hutafuta yale yaliyo ndani ya umbo: jinsi sauti inavyochelewa kidogo nyuma ya mapigo, jinsi gitaa linavyomjibu mwimbaji, na kama maneno yametungwa kwa ajili ya wimbo huo au yameokotwa huku na kule.

Kelele za santuri

Ugumu wa kwanza ni hali ya santuri zenyewe. Charley Patton, mmoja wa waasisi wa blues ya Mississippi, alianza kurekodiwa mwaka 1929 na kampuni ya Paramount. Kampuni hiyo ilikuwa tawi la kiwanda cha viti katika jimbo la Wisconsin, na santuri zake zilitengenezwa kwa malighafi hafifu. Ilipoacha kurekodi mwaka 1932, mabamba mengi ya chuma yaliyotumiwa kuchapia santuri yalipotea. Kilichobaki ni nakala zilizochakazwa na sindano za gramafoni katika nyumba za wanunuzi. Anayemsikiliza Patton leo husikia kwanza mvumo kama wa mafuta yanayokaanga, kisha sauti ya mtu kwa mbali.

Kampuni zinazotoa upya nyimbo hizo zimefuata njia mbili. Document, iliyoanzishwa na Johnny Parth nchini Austria, ilijitwika jukumu la kutoa kila kitu kwa kufuata tarehe, kiwe kizuri au kibaya, kisafi au chenye kelele. Yazoo ya Marekani iliteua nyimbo bora na kutafuta nakala safi kadiri ilivyowezekana. Njia ya kwanza humfaa mtafiti. Ya pili humfaa msikilizaji anayetaka kuburudika jioni. Ndiyo maana mwanamuziki mmoja huweza kuwa na diski yenye nyota nyingi na nyingine yenye nyota chache, ingawa nyimbo kadhaa zimo katika zote mbili. Nyota hizo hupewa diski, si mtu. Wasomaji wengi hulisahau jambo hilo, wakadhani kuwa bingwa wao ametukanwa.

Mzozo wa mwaka 1959

Ugumu wa pili ni mzito zaidi, kwani unahusu haki ya kuamua. Mwaka 1959, Samuel Charters alichapisha kitabu kuhusu blues ya mashambani kilichowafungulia mlango wasomaji wengi wasioujua muziki huo. Charters aliwapa nafasi kubwa waimbaji waliopendwa na wanunuzi weusi wa zama zao, akiwemo Leroy Carr, mpiga piano aliyevuma tangu 1928, pamoja na Lonnie Johnson. Wakusanyaji wa santuri adimu hawakuridhika. Kampuni ndogo ya Origin Jazz Library, iliyoanzishwa na Pete Whelan na Bill Givens, ilimjibu kwa albamu ambayo jina lake lilikuwa kejeli ya wazi kwa kitabu hicho. Kwao, blues ya kweli ilikuwa ile kali ya Mississippi, ya akina Patton, Son House na Skip James, hata kama iliuza nakala chache mno.

Hoja ya wakusanyaji ilishinda, na sababu yake haikuwa utamu wa nyimbo peke yake. Santuri iliyouzwa kwa wingi haikuwa adimu, na kisicho adimu hakimpi mkusanyaji fahari. Polepole uchache ukageuzwa kuwa ubora. Matokeo yake, mabingwa wa mjini waliosindikizwa na piano walisukumwa pembeni. Wanawake nao walipunguzwa kimo, ilhali ndio waliofungua soko lote: Mamie Smith aliporekodi mwaka 1920 na Bessie Smith alipomfuata mwaka 1923, wengi wa wanaume wanaosifiwa leo walikuwa bado hawajaingia studio.

Mfano wa Robert Johnson unaeleza mengi. Alirekodi nyimbo 29 katika miji ya San Antonio na Dallas, jimbo la Texas, kati ya Novemba 1936 na Juni 1937, kisha akafariki Agosti 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Wimbo wake mmoja tu ndio uliofanikiwa kiasi sokoni. Mwaka 1961 kampuni ya Columbia ilitoa albamu ya nyimbo zake 16, ambayo jina lake lilimvika taji la ufalme. Vijana wa Uingereza kama Eric Clapton na Keith Richards waliipokea kama msahafu wa gitaa.

Elijah Wald, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, alirudi nyuma kuuliza Wamarekani weusi wenyewe walisikiliza nini. Alitumia, miongoni mwa mengine, orodha zilizoandikwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Fisk katika mji wa Clarksdale, Mississippi, mwanzoni mwa miaka ya 1940, za santuri zilizokuwa katika mashine za kuchezea muziki kwa sarafu. Humo mlikuwa na akina Count Basie na Louis Jordan. Robert Johnson hakuwemo. Wald hakusema kwamba Johnson hakuwa fundi. Alisema kwamba taji lake alivikwa na watu wengine, katika zama nyingine, kwa haja zao wenyewe.

Hukumu yenye gharama

Kuna atakayesema kuwa huo ni ubishi wa watu wenye wasaa. Sivyo. Mkusanyo wa rekodi zote za Johnson ulipotolewa mwaka 1990, ulipata tuzo ya Grammy na kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Ghafla mali ya marehemu asiyeacha kitu ikawa na thamani kubwa. Mwaka 2000, Mahakama ya Juu ya Mississippi ilithibitisha kuwa Claud Johnson, aliyekuwa dereva wa lori la kokoto, alikuwa mwanawe na mrithi halali. Sifa zilizoandikwa na wahakiki zilikuwa zimegeuka fedha mahakamani. Warithi wa waimbaji ambao wahakiki hao hawakuwasifu hawakuwa na cha kugombea.

Aidha, hakuna mwongozo unaodumu milele. Santuri moja ya Son House ya mwaka 1930, ambayo kwa miongo mingi haikujulikana ilipo nakala yake, ilipatikana na kutolewa upya mwaka 2006, mwaka uleule wa mwongozo wa Penguin. Wapo pia wanaodai kuwa nyimbo za Robert Johnson zilirekodiwa kwa namna inayozifanya zisikike kwa kasi kuliko alivyoimba. Dai hilo halijathibitishwa, lakini linaonyesha kuwa hata sauti inayodhaniwa kujulikana huweza kubishaniwa upya.

Msomaji mwenye busara basi huutumia mwongozo kama msafiri anavyomtumia mwenyeji: humsikiliza, lakini hafumbi macho njiani. Husoma maelezo kabla ya kuhesabu nyota. Huchunguza kama mhakiki analalamikia uimbaji au kelele za santuri, kwa kuwa wa pili ni ugonjwa ambao sikio huuzoea. Hujiuliza pia wimbo huo ulitengenezwa kwa ajili ya nani: wa kucheza dansi Jumamosi usiku haupimwi kwa mizani ya mtu aliyeketi peke yake chumbani.

Kenya yenyewe inao ushahidi kuwa santuri ikishavuka bahari haina bwana mmoja. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye nyimbo zake nyingi zilifuata muundo wa blues na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimchukulia kuwa kiumbe nusu mtu nusu swara, wakamwita aje acheze. Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, zikasikilizwa na baadhi ya wazee waliokuwapo siku ya kurekodiwa.

Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na kitabu cha nyota. Waliisikia sauti ngeni, wakaijibu kwa wimbo wao, na wimbo huo umedumu. Mhakiki anaweza kumwonyesha msikilizaji kisima kilipo, lakini ladha ya maji huijua anywaye.