Mafuta ya Manukato: Jaribu Kidogo Kabla ya Kujipaka

Karibu kila nyumba ina kitu cha kunukia. Mwambao watu huvaa vikuba vya asumini na mlangilangi, na nguo hufukizwa udi. Bara nako, siku ya mnada hukosi kumkuta mtu amepanga vichupa vidogo vya mafuta ya manukato. Kujipaka manukato si kosa. Mtu aliyeoga akanukia vizuri hupendeza, na moyo wake hufurahi.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hulisahau. Tunanusa chupa, tunapenda harufu, tunalipa, kisha tunajipaka mwili mzima siku hiyo hiyo. Pua tumeiuliza, ngozi hatukuiuliza. Leo tutajifunza namna ya kuiuliza ngozi kwanza.

Mfano wa bibi harusi

Hebu tumfikirie msichana anayekaribia kuolewa. Shangazi yake amemletea vichupa viwili. Kimoja kinanukia maua: asumini na mlangilangi. Cha pili kinanukia mnanaa na kafuri, na ukijipaka unasikia baridi kama umenawa maji ya mtungi. Siku tatu kabla ya harusi shangazi anampaka usoni, shingoni na kifuani.

Siku ile hakuna kinachotokea. Kesho yake jioni shingo inaanza kuwasha. Siku ya harusi uso umevimba na una vipele vidogo vidogo. Baada ya majuma mawili vipele vinakauka, lakini mabaka meusi yanabaki. Majirani wananong'ona kwamba ni husuda. Mmoja anasema apelekwe kwa mganga. Mwingine analeta krimu ya kung'arisha uso. Shangazi naye analaumiwa, ingawa aliyatoa mafuta yale kwa mapenzi.

Ndugu msomaji, hapa hakuna husuda. Jambo hili linaelezeka, na lingeweza kuzuiwa kwa tone moja tu la mafuta na subira ya siku chache.

Mafuta haya ni ya namna gani?

Mafuta ya manukato hutokana na maua, majani, maganda, magome na utomvu wa miti. Mengine hutengenezwa viwandani ili yafanane na harufu hizo.

Kundi la kwanza ni mafuta ya maua, kama waridi, asumini na mlangilangi. Majirani zetu wa Komoro ni wakulima wakubwa wa mlangilangi, na mafuta yake husafirishwa mpaka Ulaya kutengenezea manukato.

Kundi la pili ni mafuta yenye harufu ya baridi, kama mnanaa, mkaratusi, msonobari na kafuri. Katika nchi za theluji watengenezaji hupenda kuweka harufu ya majira ya baridi ndani ya chupa. Wasomaji wa Mufindi wanaweza kuielewa habari hii kwa urahisi. Harufu ya misonobari ya msitu wa Sao Hill alfajiri yenye ukungu iko karibu sana na harufu wanayoitafuta wenzetu hao.

Je, mafuta ya mnanaa hupoza ngozi kweli? Hapana. Ndani ya mnanaa mna kitu kiitwacho mentoli. Mentoli huamsha mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kutuarifu kwamba kuna baridi. Mwaka 2002 wataalamu walieleza namna mishipa hiyo inavyoamshwa. Mmoja wao, David Julius wa Marekani, alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, kwa uchunguzi wao juu ya namna mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Basi ile baridi ni habari tu inayopelekwa kwenye ubongo. Tena baridi hiyo inaweza kuficha mwasho, ukadhani ngozi imeyakubali mafuta kumbe inayakataa.

Kwa nini ngozi hukataa?

Ziko njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni ukali wa mafuta. Mafuta halisi ya mmea, yasiyochanganywa na kitu, ni makali. Chukua mfano wa mafuta ya karafuu, zao linalojulikana sana Unguja na Pemba. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujeno. Kikipakwa bila kuchanganywa kinaweza kuunguza ngozi ya mtu yeyote, na mara nyingi dalili huonekana mapema.

Njia ya pili ni mzio, ambao wengine huuita aleji. Mwili una walinzi wake. Walinzi hao wanaweza kukosea wakadhani asumini ni adui. Mara ya kwanza hawafanyi fujo. Wanajifunza tu sura ya adui huyo, na kujifunza huko huweza kuchukua juma moja, mawili au zaidi. Siku nyingine wakikutana naye tena, wanapigana. Vita hivyo huonekana baada ya siku moja mpaka tatu. Ndiyo maana bibi harusi wetu hakuona kitu siku ya kwanza. Huenda alikwisha kukutana na maua hayo zamani, katika sabuni au mafuta ya nywele. Walinzi hawa hawasahau upesi. Mara nyingi mzio hukaa na mtu maisha yake yote, na hata kiasi kidogo huuamsha.

Njia ya tatu ni mafuta na jua pamoja. Mafuta ya ndimu, na hasa yale ya maganda yaliyokamuliwa bila kuchemshwa, yana vitu vinavyogeuka kuwa vikali vikipigwa na jua. Mtu akijipaka kisha akaenda shamba, ngozi huungua na kuacha alama nyeusi.

Mafuta ya zamani nayo ni ya kuogopwa. Baadhi ya vitu vyenye harufu nzuri, vikikaa na hewa muda mrefu, hubadilika vikawa rahisi zaidi kuleta mzio. Chupa iliyokaa wazi dirishani si sawa na ilivyokuwa siku uliyoinunua.

Usidhani mambo haya huwapata watu wachache wa kwetu tu. Huko Japani, katika miaka ya 1970, wanawake wengi walipata weusi usoni ambao haukuondoka kwa krimu wala dawa. Madaktari walipochunguza waligundua kwamba baadhi yao walikuwa na mzio wa manukato yaliyomo katika vipodozi vyao. Mafuta ya asumini na ya mlangilangi yalikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Walipoacha vipodozi hivyo, nyuso zao zilianza kurudi hali yake polepole.

Namna ya kujaribu

Anza majuma mawili kabla ya sherehe. Fuata hatua hizi:

1. Osha mkono kwa maji na sabuni isiyo na manukato makali, ukaushe. Ngozi iwe nzima, isiwe na kidonda, upele wala mchubuko.

2. Tia tone 1 la manukato katika kijiko 1 cha chai cha mafuta ya nazi au ya alizeti ambayo umezoea kujipaka bila shida. Usijaribu mafuta halisi ya mmea bila kuyachanganya.

3. Paka mchanganyiko huo kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, mahali penye ukubwa wa sarafu. Usifunike kwa kitambaa wala plasta.

4. Kama una mafuta ya aina mbili, paka ya maua mkono wa kulia na ya baridi mkono wa kushoto. Andika ili usisahau. Usijaribu zaidi ya aina mbili kwa wakati mmoja.

5. Angalia baada ya dakika 10, baada ya saa 1, kesho yake na kesho kutwa.

6. Ukiona salama, paka tena mahali pale pale asubuhi na jioni kwa siku 7. Mzio mwingine hauonekani kwa siku mbili za kwanza.

7. Siku 7 zikipita salama, unaweza kutumia mafuta hayo kwa kiasi kidogo, yakiwa yamechanganywa vile vile. Jaribio hili hupunguza hatari, lakini haliiondoi yote. Basi endelea kuiangalia ngozi yako.

Siku hizo za kungoja si za bure, kwa sababu pua nayo inapata nafasi ya kujifunza. Nusa mkono wako baada ya dakika chache, kisha baada ya saa moja, kisha jioni. Harufu nyepesi kama ndimu na mnanaa huruka upesi. Harufu za maua hukaa zaidi. Udi na msandali hubaki mwisho. Mara nyingi harufu uliyoipenda kwenye chupa siyo itakayobaki nawe jioni. Kwa hiyo aliyejaribu huokoa ngozi yake, na fedha yake pia.

Dalili za kuangalia

Vitabu vingi husema ngozi iliyokataa huwa nyekundu. Sisi wenye ngozi nyeusi hatuuoni wekundu huo kwa urahisi. Basi tuangalie dalili nyingine: mwasho, joto, kuchoma, uvimbe, vipele vidogo, malengelenge, ngozi kukwaruza au kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Pitisha kidole juu ya mahali ulipopaka, ulinganishe na mahali ambapo hukupaka.

Ngozi ikikataa

Futa mafuta hayo kwa kitambaa laini chenye mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Usijikune. Usipake tena, hata kidogo, ili kuhakikisha.

Usikimbilie krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina zebaki, nayo huharibu figo. Mabaka meusi hufifia polepole kwa muda wa miezi ukiacha kilichoyaleta na kujikinga na jua.

Nenda zahanati kama uso au macho yamevimba, kama kuna malengelenge, au kama mwasho hauishi. Chukua na kichupa chako ili mganga akione. Kama midomo au ulimi umevimba, au pumzi inabana, nenda hospitali mara moja, usingoje kesho. Mafuta yakiingia jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati.

Katika hospitali kubwa madaktari wa ngozi wana kipimo cha mzio. Hubandika vitu mbalimbali mgongoni kwa siku mbili, kisha husoma ngozi imejibu nini. Kipimo hicho kilianzishwa na daktari Josef Jadassohn mwaka 1895, na hutumika mpaka leo. Kazi hiyo tuwaachie wao. Nyumbani tusifunike wala kubandika kitu.

Watoto wasijaribiwe

Mafundisho haya ni ya watu wazima. Usimpake mtoto mchanga mentoli, kafuri wala mafuta ya mkaratusi puani, usoni wala kifuani, hata akiwa na mafua. Harufu kali ya mafuta hayo inaweza kumbana pumzi.

Kafuri au mafuta ya mkaratusi yakimezwa, hata kidogo, huweza kuleta degedege. Weka vichupa mahali pa juu penye kufungwa, mbali na moto na jua. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali upesi, na kichupa ukichukue. Mtu mzima naye asinywe mafuta haya kuwa dawa ya mafua.

Mtu mwenye pumu au pumu ya ngozi awe mwangalifu zaidi. Pia tusipake manukato kwenye kidonda, sehemu za siri, au kwapani mara tu baada ya kunyoa.

Turudi kwa bibi harusi

Msichana yule angeweza kumwambia shangazi yake kwa adabu, "Shangazi, nashukuru sana. Tujaribu kwanza mkononi." Shangazi asingeona vibaya. Kama mafuta ya maua yangekataa, angeona doa moja dogo la kuwasha lililofichwa na mkono wa nguo. Uso wake ungebaki mzima. Siku ya harusi nguo zake zingefukizwa udi, au angetiwa manukato kidogo kwenye pindo la kanga lisilogusa ngozi, akanukia kama wenzake.

Doa la mkononi hufichika, lakini la usoni kila mtu huliona. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini bibi harusi hakuona dalili siku ya kwanza?
2. Mentoli hufanya nini mpaka tukasikia baridi?
3. Taja dalili nne za ngozi kukataa mafuta zinazoonekana kwa mtu mwenye ngozi nyeusi.
4. Je, katika kijiji chenu kuna watu walioambiwa wamerogwa kumbe ngozi zao zimekataa kitu walichojipaka? Mtawasaidiaje?