UZI: "Mwanaume Mkenya anaishi miaka 60" haimaanishi unachodhani

Mjadala wa pensheni ukianza tu, lazima mtu atasimama aseme: "Mwanaume Mkenya anaishi miaka 60. Kustaafu ni miaka 60. Sasa hiyo pensheni utaila kaburini?" Makofi. Nimeisikia kwa baraza huku Kayole, nimeisikia kwa redio ndani ya mat ya Jogoo Road, na imetoka kwa wanasiasa wa pande zote. Hebu leo tuifungue hiyo hesabu.

Namba yenyewe si ya uongo. Sensa ya 2019 ilikadiria umri wa kuishi kuwa miaka 60.6 kwa wanaume na 66.5 kwa wanawake. Na wafanyakazi wa serikali wanastaafu wakiwa na 60 tangu 2009, ulipopandishwa kutoka 55. Shida iko kwa tafsiri. Hiyo 60.6 ni wastani unaoanza kuhesabiwa siku mtoto anazaliwa. Haisemi eti wanaume wakigonga 60 wanaanza kuanguka.

Kuna mchoro rahisi wa kuonyesha hii kitu, unaitwa shina na majani. Aliyeueneza ni mwanatakwimu Mmarekani, John Tukey, kwa kitabu chake cha 1977. Unachukua umri wa kila aliyefariki unaukata mara mbili: makumi yanakuwa shina, mamoja yanakuwa jani. Mzee aliyeenda na miaka 74 ni shina la 7, jani la 4. Kalamu na karatasi, basi.

Tuseme tuko na wanaume 20 waliozaliwa wakati mmoja, tukawafuata hadi wa mwisho akatuaga. (Namba ni za mfano, nimezitunga mimi. Si za mtaa wowote.)

0 | 0 1
1 |
2 | 7
3 | 8
4 | 4 9
5 | 2 5
6 | 6 8
7 | 1 3 4 6 8
8 | 1 3 5 7
9 | 2

Jumlisha yote, gawanya kwa 20. Unapata 60 kamili. Sasa niambie, ni nani hapo alikufa na miaka 60? Hakuna. Kati ya 55 na 66 hakuna hata jani moja. Wastani umeangukia mahali hakuna mtu.

Angalia tena. Waliovuka 60 ni 12 kati ya 20, na hao kwa wastani walifika karibu 78. Hiyo ni miaka kama 18 ya kula pensheni. Waliofika 70 ni 10, nusu yao. Kwa hivyo yule anayesema pesa za Inua Jamii, ile 2,000 kwa mwezi ya wazee wa 70 na zaidi, ni za watu ambao hawako, pia anatupiga chenga.

Na ni nini kilivuta wastani chini? Anza na shina la 0. Ondoa wale watoto wawili tu, wastani unaruka hadi karibu 67. Kifo cha mtoto mchanga kinavuta wastani kuliko kifo cha mzee yeyote. Ndiyo maana mtu akikuahidi "kuongeza umri wa Wakenya," muulize kuhusu wodi ya kujifungulia na maji safi kabla ya kumuuliza kuhusu wazee.

Lakini wale wa pensheni wana pointi moja ambayo wanaibeba vibaya. Tazama shina la 2 hadi la 5. Hao sita walifanya kazi, wengine walikatwa NSSF miaka na miaka, na hawakufika. Kwao swali si umri wa kustaafu. Ni kama mjane na watoto wanajua kuna malipo ya warithi, na kama watayapata bila kuzungushwa. Hiyo sijasikia ikipigiwa makofi.

Huku Eastlands tunajua majani ya hayo mashina ya katikati yanatoka wapi. Kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia familia za Korogocho na Viwandani tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wakienda mlango kwa mlango na kuuliza jamaa marehemu aliugua vipi, kwa sababu wengi hawakufia hospitalini. Utafiti wao uliochapishwa 2008, wa vifo vya 2003 hadi 2005, ulionyesha UKIMWI na kifua kikuu vikibeba karibu nusu ya mzigo wa vifo kwa walio na miaka mitano kwenda juu. Kwa watoto wadogo, nimonia na kuhara vilikuwa juu kwa orodha. Wastani mmoja ungekuambia hayo?

Sasa tahadhari, maana najua kuna mtu ataenda kuhesabu matangazo ya mazishi kwa geti za Umoja. Ukifanya hivyo, majani yatajaa mashina ya 2, 3 na 4, na utasema tunakufa vijana. Pole pole. Mitaa yetu imejaa vijana, kwa hivyo hata vifo vingi vitakuwa vya vijana. Na wazee wetu wengi wakistaafu wanarudi ushago. Wanafia huko, wanazikwa huko, jani lao linahesabiwa huko. Mchoro wa vifo vya mtaa hautakupa umri wa kuishi hadi ujue pia ni wangapi wako hai katika kila rika.

Kwa wale mnaweka daftari za welfare: mkiandika jina la marehemu na mchango, ongezeni safu mbili, umri na mahali alifia. Wanaume majani kulia, wanawake kushoto, shina katikati. Mkipata kitu cha kushangaza, wekeni hapa chini. Bila majina, tafadhali.