Nani Anapanga Gulio?

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Mmoja wenu ameniuliza: "Bibi, nani huwaambia watu wote waende gulioni siku moja?" Hakuna anayewaambia. Wamekubaliana. Ngojeni niwaeleze.

Huku kwetu Kilimanjaro, gulio ni la akina mama tangu zamani. Kabla ya shilingi kufika mlimani, wanawake walibeba ndizi wakabadilishana na watu wa tambarare waliokuja na magadi. Sasa fikirini: mama ateremke na mkungu kichwani, afike, asimkute mwenye magadi. Si safari ya bure hiyo? Kwa hiyo kitu cha kwanza kupanga ni siku. Sisi tukichukua Jumanne na Ijumaa, majirani watachukua Jumatatu na Alhamisi. Hivyo mchuuzi wa dagaa huzunguka kote, na hakuna gulio linaloua jingine.

Cha pili ni nafasi. Ndizi hukaa karibu na barabara, maana mikungu ni mizito na lori haliwezi kupenya katikati ya watu. Nyanya na mboga hutafutiwa kivuli. Dagaa huwekwa mbali na mitumba. Nani atanunua shati linalonuka samaki? Kamati ya soko ndiyo hupanga hayo, na ndiyo huamua ugomvi wa "hapa ni pangu".

Cha tatu ni ushuru. Mtoza ushuru akipita, dai risiti, kwa sababu fedha hiyo ndiyo ya choo, maji na kuzoa taka. Maganda ya ndizi hayatupwi ovyo. Ng'ombe wa zizini wanayasubiri.

Cha nne ni kipimo, na hapo ndipo penye vita. Akina mama huuza kwa fungu, sado au debe, na mnunuzi anaona kwa macho yake anachopata. Lakini anapokuja mnunuzi wa jumla, hutaka viazi kwa lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba cha viazi juu na kushonwa kwa kamba.

Hebu tupige hesabu. Tuseme gunia la kawaida ni debe 6, na kilemba ni debe 2. Lumbesa moja ni debe 8, lakini mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Akiuza lumbesa 3, ametoa debe 24. Debe 24 ni magunia mangapi? Naam, 4! Amelipwa 3, la nne limekwenda bure.

Sheria ya Tanzania inakataza: gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanaweza kumtoza faini anayekiuka. Basi kwa nini mkulima asikatae? Kwa sababu akikataa peke yake, mnunuzi anavuka kwa jirani, na viazi vyake vinaoza. Wakikataa wote, mnunuzi atakwenda wapi? Wakikubaliana hivyo, kamati huweka mizani langoni, na kila gunia hupimwa kabla halijapanda lori.

Kwa hiyo mkitumwa gulioni, msinunue tu chumvi mkarudi. Tazameni mizani iko wapi, na kama inatumika. Hapo mtajua kama wakulima wa gulio hilo wamekubaliana, au kila mmoja anauza kivyake.