Tukipanda mlima na watoto, mbwa naye anakuja

Hapa kwetu Bweremana hakuna mtu anayesema anaenda kutembeza mbwa. Mbwa anajitembeza mwenyewe. Asubuhi anapita kwa wauza nyama kutafuta mifupa, saa sita analala chini ya meza ya samaki, jioni anarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kazini. Lakini siku ya Jumapili, tukimaliza ibada na kupanda na watoto kuangalia mashamba, yeye ndiye anakuwa wa kwanza njiani. Hakuna aliyemwita. Anaona tu mama amefunga kitenge cha pili na mtoto amebeba bidoni ndogo ya maji, anajua.

Tunapenda kuongea juu ya matembezi hayo juma hili, kwa sababu katika mkutano wetu habari za watoto kuumwa na mbwa zimerudi mara mbili, na mara ya pili tuliachana bila kukubaliana.

Safari inaanzia sokoni. Wote mnalijua soko letu, limebanwa kati ya ziwa na mlima, kando ya barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma, inapita Sake, kisha Minova, mpaka Bukavu. Hapa Kivu ya Kaskazini inamalizika, ukiendelea kidogo uko Kalehe, Kivu ya Kusini. Ndiyo maana biashara ilikaa hapa tangu zamani: ndizi, maharagwe na mihogo vinashuka kutoka milimani kwa kichwa na kwa mgongo, chumvi na sabuni vinapanda. Mwezi wa pili wa 2024, vita vilipokata barabara upande wa Shasha, tuliona wenyewe jinsi mzigo wote ulivyogeukia ziwani. Watoto wa miaka saba wanakumbuka kukimbia kuliko wanavyokumbuka kutembea. Kwa hiyo tunaposema Jumapili tunatembea, tusione kwamba ni jambo dogo.

Tukiacha soko tunapita kando ya ziwa kwanza, kwa ajili ya watoto. Pale wavuvi wameanika nyavu na kufunga mitumbwi yao mitatu mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakingoja usiku wawashe taa kwa ajili ya sambaza. Wazee wetu wanakumbuka ziwa lisilo na sambaza. Samaki huyo aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo mtoto akikosa sambaza kwenye bugali anafikiri kuna msiba. Mbwa naye anajua fasi hiyo vizuri kupita sisi. Mkitaka afuate haraka, msipite pale.

Kisha tunapanda. Kuna mihogo, kuna migomba, kuna maharagwe kwenye mteremko ambao mtu wa mjini atauliza mwanamke anasimamaje pale na jembe. Watoto wakubwa wanabeba wadogo. Tukigeuka nyuma tunaona ziwa lote, na siku mawingu yakiondoka tunaona milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira, imekaa upande wa Goma. Wale wanaopanda mbali zaidi kuelekea malisho ya Masisi wanakutana na ng'ombe na wachungaji wao, na hapo ndipo mbwa wa jamaa anakutana na mbwa wa kazi. Mbwa wetu, jina lake Simba, anaogopa hata mbuzi. Akiona mbwa wa mchungaji anaingia katikati ya miguu ya watoto.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mbwa wawili wakipigana, mtoto anayempenda wake anaingiza mkono kuwatenganisha. Mmoja wa watoto wetu aliumwa namna hiyo, kwenye kiganja, na mbwa ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Dada yake alipiga kelele, "Mama, njoo, imbwa imemuluma yaya!" Mama alifika na jambo la kwanza watu walilomletea lilikuwa jiwe nyeusi. Wengine walisema pilipili. Mzee mmoja alisema nywele za mbwa yule yule zichomwe na majivu yawekwe kwenye kidonda. Bahati nzuri kulikuwa na maji ya bidoni na kipande cha sabuni, na mama huyo akaanza kuosha bila kumsikiliza mtu. Alipofika kituo cha afya aliambiwa dawa hakuna, arudi kesho kutwa. Hakurudi nyumbani. Alipanda moto siku ile ile akatafute mbele, na akaipata. Mtoto ni mzima, anasoma.

Tueleze vizuri, maana wengi wanafikiri kichaa cha mbwa ni maneno ya kutishia watoto. Ugonjwa huu unakaa kwenye mate. Unaingia kwa meno, kwa mkwaruzo, au mbwa akilamba kidonda kilicho wazi. Unatembea polepole kwenye mishipa kuelekea ubongo, na safari hiyo inaweza kuchukua majuma au miezi. Wakati wote huo mtoto anacheza, anakula, anaenda masomo. Siku akianza kuogopa maji na kushindwa kumeza, hapo hakuna muganga, wa hospitali wala wa kienyeji, anayemrudisha. Shirika la Afya la Dunia linakadiria kwamba watu karibu 59 000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, karibu wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na meno, na mara nyingi hasemi nyumbani kwa kuogopa kupigwa. Tafadhali, mtoto akisema ameumwa, msimpige.

Basi kidonda kioshwe mara moja, kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri, mtoto atalia na jirani watasema inatosha. Haitoshi. Maji yanatoa vijidudu kabla havijaingia ndani. Msiweke jiwe nyeusi, majivu, wala pilipili, na msikubali kidonda kishonwe haraka. Kisha kituo cha afya siku ile ile, kwa ajili ya chanjo, ambayo inapigwa zaidi ya mara moja. Mama akipata sindano ya kwanza na kuacha nyingine kwa sababu mtoto anaonekana mzima, ni kama hajafanya kitu. Kama mbwa anajulikana, asiuawe haraka. Afungwe vizuri, mtu mzima amwangalie kwa siku kumi bila kumkaribia. Akibaki mzima baada ya siku hizo, wakati wa kumuuma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Lakini kuoshwa na kupelekwa kituo hakungoji siku hizo ziishe.

Dawa hii si mpya. Louis Pasteur, Mfaransa, alimchanja kijana Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885, na kijana huyo aliishi. Zaidi ya miaka 140 imepita, na mama wa Masisi bado anapanda moto kutoka kituo kimoja mpaka kingine akitafuta sindano ile. Tunasema hivyo bila kumtaja mtu, lakini tunasema.

Jambo lingine, kwa wale ambao matembezi yao yanafika upande wa Sake. Kutoka Sake mpaka Goma njia inapita juu ya mawe ya moto wa zamani. Yale ya karibu na Sake yametoka Nyamulagira, uliotapika kuanzia 1938 mpaka 1940 na moto wake ukafika mpaka ziwani. Kule kuna mazuku. Ni hewa nzito inayotoka chini ya ardhi na kujaa kwenye mashimo na mabonde madogo, haina rangi wala harufu. Inakuwa kali zaidi asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mtu mzima akisimama anaweza kuwa na kichwa nje ya hewa hiyo, huku mbwa na mtoto anayetambaa wamezama ndani. Wanaoishi kule wanajua: ukiona ndege au mjusi amekufa kwenye shimo, usiiname kuangalia. Mbwa akiingia akaanguka, asifuatwe, hata kama mtoto analia. Watu wamekufa wakimfuata mbuzi mmoja. Shikeni mtoto mkono, pandeni juu.

Na tangu vita, chuma chochote mbwa atakachochimbua shambani kisiguswe. Watoto wetu wanajua wimbo wa kujihadhari na mabomu kuliko sisi, waacheni wawafundishe wazazi.

Sasa tufike kwenye lile tulilogombania. Wamama wengine wanataka sehemu ya sanduku la msaada la AVEC yetu itumike kumwita muganga wa mifugo achanje mbwa wote wa kartye. Wengine wanasema pesa ile ni ya uzazi na misiba, na mbwa hachangi. Tunaelewa wote wawili. Lakini wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita, hata kwa wale wasiochanjwa. Kuchanja mbwa watano wa marafiki na kuacha wengine sokoni hakutusaidii sana. Kwa maoni yetu sisi tunaoandika, mbwa anayelinda mihogo usiku anachanga kuliko wanachama fulani ambao hatutawataja hapa. Siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa ni tarehe 28 Septemba, na mara nyingi karibu na siku hiyo kunakuwa na chanjo fasi mbalimbali. Kabla ya hapo tunahitaji kujua tuna mbwa wangapi.

Kwa hiyo mkutano ujao, kila mama aje na hesabu ya mbwa wa nyumba yake na wa majirani wake wawili, wakubwa na wadogo, pamoja na wale wasio na mwenyewe wanaolala karibu naye. Mwandishi ataleta daftari. Tutapiga kura baada ya kuhesabu, si kabla.

Na Jumapili, atakayepanda na mbwa achukue kamba, bidoni ya maji, na kipande cha sabuni kwenye kitenge.